Prosesa zimepunguza mwendo kweli, au tunatazama namba isiyofaa?

Mchunguza_Chipu

Wakuu, habari za saa hizi. Nauliza wanaoijua prosesa kwa ndani, si kwa matangazo ya dukani.

Juni 1995 Intel ilitoa Pentium ya MHz 133, yaani mapigo milioni 133 kwa sekunde. Machi 2000, kabla hata miaka mitano haijatimia, AMD na Intel zote zilikuwa zimefika GHz 1, yaani MHz 1000. Hiyo ni mara saba na nusu. Sasa tazama huku: Core i5-2500K ya Januari 2011 ilikuwa inafika GHz 3.7, na laptopu nyingi mpya za leo zinaandikwa GHz 4.5 au 5. Zaidi ya miaka kumi imepita na hata mara mbili haijatimia.

Je, maendeleo yamepungua kasi kweli, au GHz si kipimo sahihi? Kama yamepungua, kinachozuia ni nini: silikoni yenyewe, pesa, au kampuni kubweteka? Na la mwisho ni la mfukoni. Kama tofauti ni ndogo kiasi hicho, kuna sababu gani ya kuacha laptopu ya mtumba yenye Core i7 ya 2017 na kutafuta ya karibuni zaidi?

Saketi

Yote mawili mkuu. Mwendo umepungua, na GHz haifai kuupimia.

Tuanze na GHz, maana hapo ndipo kamba ilipokatikia. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha jambo moja zito: ukipunguza vipimo vya transista (swichi ndogo za umeme zinazounda chipu) hadi 0.7 ya vilivyokuwa, na volti ukazishusha kwa kiwango hicho hicho, transista inawaka na kuzima haraka mara 1.4 huku ikila nusu ya umeme. Eneo lake nalo linabaki nusu. Maana yake kila milimita ya mraba ya chipu inatoa joto lile lile la zamani, ila kazi imezidi. Kwa miaka kama thelathini ongezeko la GHz lilitoka humo. Volti zilishuka kutoka 5 za enzi za 486 hadi 1 na ushei.

Hapo zikagota. Transista ikizimwa haikati umeme wote. Inabaki kama bomba lenye mpira wa kuzibia uliochoka, daima linadondosha. Volti inayoiwasha, ile tunayoiita volti ya kizingiti, ukiishusha milivolti 60 tu katika joto la kawaida la chumba, mvujo unaongezeka mara kumi, tena hiyo ni kwa transista iliyo bora kabisa. Shusha milivolti 180, mvujo ni mara elfu. Zidisha kwa transista milioni mia moja na zaidi zilizokuwa kwenye chipu moja mwaka 2004, utaona kwa nini prosesa ilianza kula umeme mwingi ikiwa imekaa bure.

Volti zikiacha kushuka, GHz zinageuka deni. Umeme wa chipu unafuata volti mara volti mara masafa (hizo GHz). Pandisha masafa asilimia 10, na ili mashine isigande upandishe volti asilimia 10: 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.33. Unalipa theluthi nzima ya umeme kwa sehemu moja ya kumi ya kasi. Intel ilikuwa na Pentium 4 ya GHz 4 kwenye ratiba. Mwaka 2004 wakaifuta, ikaishia 3.8. Leo i9-14900K inafika GHz 6, lakini kikomo chake cha umeme ni wati 253, na GHz hizo 6 inazigusa kwa viini viwili tu tena kwa muda mfupi. (Nikisema viini namaanisha zile "core" wanazoandika madukani.)

Kuhusu utendaji halisi, wakubwa wa fani hii John Hennessy na David Patterson walipiga hesabu. Kati ya 1986 na 2003 prosesa ziliongezeka nguvu takriban asilimia 52 kwa mwaka. 2003 hadi 2011 ikawa 23. 2011 hadi 2015 ikawa 12. Kuanzia hapo hadi 2018, 3.5. Kwa asilimia 52, nguvu inakuwa maradufu kila baada ya miezi 20. Kwa 3.5, maradufu hiyo unaingoja miaka 20.

Bandari_64

Namba za Saketi ni sahihi, ila hiyo 3.5 usiibebeshe fizikia peke yake. Sehemu yake kubwa ni kiwanda kimoja kilichokwama.

Intel ilianza kuuza chipu za nanomita 14 mwaka 2014. Za nanomita 10 zilitarajiwa miaka miwili baada ya hapo. Kwa wingi zilikuja 2019, na kompyuta za mezani ziliendelea na 14 hadi 2021. Walitaka kubana mistari sana huku wakiichora chipu kwa mwanga ule ule wa nanomita 193, kwa hiyo tabaka moja likabidi lichorwe kwa hatua nyingi zinazorudiarudia. Kila hatua ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea, na chipu mbovu kwenye kila sahani ya silikoni zikawa nyingi mno. TSMC na Samsung, watengenezaji wengine wa chipu, wakahamia mwanga wa nanomita 13.5, unaoitwa EUV. Kuupata mwanga huo si mchezo: matone ya bati iliyoyeyushwa, 50,000 kila sekunde, yanapigwa leza moja baada ya jingine yawe plazma. Na mashine hizo duniani zinatengenezwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi.

Halafu kuna ushindani. Prosesa ya kawaida ya mezani yenye viini vinne, Core 2 Quad Q6600, ilitoka Januari 2007. Januari 2017 Intel ikatoa i7-7700K, na ile pia ni viini vinne. Miaka kumi! Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen 7 yenye viini vinane, na Oktoba mwaka huo huo Intel ikawa na i7-8700K ya viini sita. Sheria za fizikia hazikubadilika kati ya Januari na Oktoba.

Tazama pia Apple. M1 ya Novemba 2020 ina transista bilioni 16, M4 ya Mei 2024 ina bilioni 28. Kasi ya kiini kimoja imepanda takriban mara 1.6 kwa miaka mitatu na nusu, sawa na asilimia 14 hivi kwa mwaka. Haiwezi kulinganishwa na 52, lakini haiko karibu na 3.5 pia. AMD nao wanatangaza kazi zaidi kwa kila pigo katika vizazi vya prosesa zao za Zen: Zen 3 asilimia 19, Zen 4 asilimia 13, Zen 5 asilimia 16. Ni namba za mwenye bidhaa, kwa majaribio aliyochagua mwenyewe, lakini mwelekeo wake unaonekana hata kwa vipimo vya wengine.

Saketi

Nakubali kuhusu Intel. Ila hiyo 1.6 ya Apple ukiifungua, utakuta masafa yametoka GHz 3.2 hadi karibu 4.4. Hiyo peke yake ni mara 1.37. Kazi kwa kila pigo imeongezeka kidogo tu. Hata aliye mbele anapanda kilima kile kile.

Wino_wa_Silikoni

Mmesahau kumbukumbu, na hapo ndipo penye ukuta mbaya kuliko wote.

Kiini cha GHz 4 kinapiga pigo moja kila robo ya nanosekunde. Data ikiwa kwenye kache ya L1 (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kiini), inafika kwa mapigo manne au matano. Ikibidi ifuatwe kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa, ni nanosekunde 80 hivi, yaani mapigo 320 ambayo kiini kinangoja. Na RAM yenyewe haijaharakisha kujibu. Chukua RAM ya DDR-400 ya CL2 (CL ni mapigo inayongoja kabla ya kujibu) iliyokuwa ikitumika miaka ya 2003: mapigo 2 kwa MHz 200 ni nanosekunde 10. DDR4-3200 ya CL16: mapigo 16 kwa MHz 1600, nanosekunde 10. DDR5-6000 ya CL30: mapigo 30 kwa MHz 3000, nanosekunde 10. Kilichoongezeka ni upana wa njia, yaani data kiasi gani inapita kwa pamoja. Muda wa kungoja tone la kwanza umebaki pale pale.

Dawa ya hilo siku zote ilikuwa kuongeza kache ndani ya prosesa. Sasa nayo imegoma kupungua. Seli ya kuhifadhi biti moja ya kache kwenye teknolojia ya TSMC ya nanomita 5 ina eneo la mikromita za mraba 0.021. Kwenye N3E, ambayo ni ya nanomita 3, eneo ni 0.021 vile vile. Transista za kupigia hesabu zimepungua ukubwa, za kache hazikusogea. Mbunifu anayetaka kache zaidi analipia eneo zaidi, kwa silikoni ambayo bei yake kwa kila sahani inapanda kila kizazi.

Ndiyo maana AMD wanajenga ghorofa. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilibandikwa kipande cha kache cha MB 64 juu ya MB 32 zilizokuwepo. GHz zake ni chache kuliko za 5800X ya kawaida, na bado kwenye michezo mingi inaiacha, kwa sababu safari za kwenda RAM zimepungua. Hata kugawanya prosesa katika vipande vidogo vilivyounganishwa ni kwa sababu hiyo hiyo ya gharama: kipande kidogo kikiharibika unatupa kidogo, na sehemu zisizofaidika na teknolojia mpya unazitengeneza kwa ile ya zamani yenye bei nafuu.

Jambo moja linalonikera: hayo majina ya nanomita 3 na 5. Hakuna kipimo chochote ndani ya transista hiyo chenye nanomita 3. Umbali kutoka geti moja (sehemu inayowasha na kuzima transista) hadi geti la pili kwenye teknolojia za 3 ni nanomita 45 hadi 48. Ni jina la bidhaa tu, kama toleo la simu. Anayepima maendeleo kwa namba hiyo anadanganyika kuliko hata anayepima kwa GHz.

Mchunguza_Chipu

Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Sasa swali la mtumba. Ukiingia Kariakoo au Luthuli utakuta "Core i7" imeandikwa kwa herufi kubwa, na i5 imewekwa bei ya chini. Tuseme i7-7500U na i5-8250U, ziko mezani pamoja. Ipi?

Fundi_Bodi

i5-8250U, bila kusita. Na hapa ndipo mazungumzo ya juu yanapogusa mkono.

Zote mbili ni za wati 15, zote za nanomita 14. i7-7500U ina viini 2 na nyuzi 4 (foleni za kazi inazoendesha kwa wakati mmoja), kache MB 4, inafika GHz 3.5. i5-8250U ina viini 4 na nyuzi 8, kache MB 6, inafika GHz 3.4. Kwa kazi ya uzi mmoja ziko sawasawa. Kwa kazi zinazogawanyika (kubana video, kukusanya programu, tabo thelathini na simu ya video juu yake) ya pili inafanya takriban mara moja na nusu, na zaidi ya hapo kama kupoza kwake ni kuzuri. Ruka la kizazi cha 7 kwenda cha 8 kwa laptopu za herufi U ndilo kubwa kuliko yote ya miaka ile, na lilitokea mwaka mmoja, 2017. Muuzaji anayesema "i7 ni i7" amesoma herufi akaacha namba.

Soma hivi: kwenye 8250U, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi. Kuanzia cha 10 ni tarakimu mbili za kwanza, kwa hiyo 1135G7 ni cha 11. Kizazi cha 10 kina mtego: 10210U ni ya nanomita 14, 1035G1 ni ya nanomita 10, na zote zinauzwa kama "10th gen". Herufi U ni ya umeme mdogo, H au HQ ni ya umeme mkubwa, kwa hiyo i7-7700HQ yenye viini 4 si ndugu wa 7500U hata kidogo.

Sababu ya pili ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8 haihusu kasi. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za cha 7. Anayetumia Linux hana shida na hilo.

Ya tatu ni video. Kizazi cha 7 ndicho cha kwanza kufungua VP9 na HEVC ya biti 10 (miundo ya kubana video) kwa sakiti maalumu. AV1 imeingia kizazi cha 11. Mashine ya kizazi cha 4 ikipewa video ya VP9 na YouTube, viini vyenyewe ndivyo vinavyofungua, feni inalia na betri inaisha. Sehemu kubwa ya "maendeleo" ya miaka hii imeingia kwenye vipande maalumu vya namna hiyo, wala huvioni kwenye GHz.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bofya CPU, kisha bofya grafu kwa kitufe cha kulia uigeuze ionyeshe nyuzi zote. Washa kazi yako nzito ya kila siku, uiache dakika kumi. Mraba mmoja ukijaa na mingine imelala, kazi yako ni ya uzi mmoja na viini vingi havitakusaidia. Yote ikijaa, viini zaidi ni faida. CPU ikiwa chini huku diski iko asilimia 100, tatizo ni diski, weka SSD kwanza. RAM ikizidi asilimia 90, ongeza RAM.

Katika hizo dakika kumi tazama pia mstari wa Speed. Prosesa ikianza na GHz 3.4 kisha ikashuka chini ya ile Base speed, imezidiwa na joto. Fungua programu ya HWiNFO uone nyuzijoto: nyingi za Intel hizi zinajibana zikifika 100. Kwenye Linux tumia sensors, pamoja na grep MHz /proc/cpuinfo. Laptopu ya mtumba iliyokaa ofisini miaka mitano karibu kila mara ina vumbi limejaa kwenye mapezi ya shaba na pesti ya kupitisha joto iliyokauka.

Kuitengeneza: zima, chomoa betri kwenye bodi. Legeza skrubu za kipoza joto kwa kurudi nyuma kwenye namba zilizochapwa juu yake. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele, na kwa kuwa laptopu haina kifuniko cha chuma juu ya silikoni, hakikisha uso wote umefunikwa. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa mpangilio wa namba, usimalize moja kabla ya nyingine, maana silikoni iliyo wazi inavunjika pembeni. Ukipuliza vumbi, shika feni isizunguke. Zile pedi laini za kijivu zilizo juu ya vipande vingine usizibadilishe kwa pesti. Zinaziba mwanya wa nusu milimita au zaidi, na pesti haifiki.

RAM nayo: mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8, kwa sababu data inapita njia mbili, na grafiki za ndani ya prosesa zinategemea njia hizo hizo. Angalia nafasi ya pili ipo. Prosesa za U zimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo utakayoinunua ndiyo itakayozikwa na hiyo laptopu.

Nyuzi_Nane

Naongeza upande wa programu, maana viini vingi vimeletwa na wengi wetu bado tunaandika kama 2002.

Gene Amdahl alilisema hili mwaka 1967. Programu yako ikiwa asilimia 90 inagawanyika na asilimia 10 haigawanyiki, viini vinane havikupi mara nane, vinakupa mara 4.7. Vikiwa elfu moja, hufiki mara kumi. Ikigawanyika asilimia 75 tu, viini vinane vinakupa mara 2.9. Kwa hiyo kabla ya kulaumu prosesa, tafuta ile asilimia isiyogawanyika: kufuli moja linalogombewa na nyuzi zote, faili moja linaloandikwa kwa foleni, hoja moja ya hifadhidata isiyo na faharasa.

Mwaka 2020 Charles Leiserson wa MIT na wenzake walionyesha ukubwa wa kilicholala humo. Walizidisha matriki (majedwali ya namba) mbili za 4096 kwa 4096. Kwa Python ya kawaida ilichukua karibu saa saba. Kwa C, haraka mara 47. Wakagawa kazi kwa viini 18 vya mashine, wakapanga data ikae ndani ya kache, wakatumia maagizo ya AVX (yanayokokotoa namba nyingi kwa mpigo), ikaishia sekunde 0.41. Zaidi ya mara 60,000, mashine ile ile. Si kila programu ina nafasi hiyo, ila mara tano au kumi zipo kwenye nyingi.

Pa kuanzia kwenye Linux ni perf stat mbele ya amri yako. Tazama maagizo kwa kila pigo. Ikisoma chini ya 1, mara nyingi prosesa inangoja RAM, kile alichoeleza Wino. Panga data upya: safu moja iliyonyooka kwenye kumbukumbu badala ya vitu elfu vilivyounganishwa kwa viashiria. Ikisoma 2 au 3, kiini kinafanya kazi kweli. Msimbo wa namna hiyo ndio utakaonufaika moja kwa moja na prosesa ya karibuni yenye kiini kipana zaidi.